Kabla ya Kulaza Ubao wa Kwanza

Nyinyi wa atelie yetu ya useremala mliniomba niwaandikie namna ya kutandika sakafu ya laminati nyumbani kwa mtu, mkanipa daftari la kurasa mia na kalamu mbili. Kutandika kwenyewe kunajaza ukurasa mmoja. Ubao unaingia kwenye mwenzake, unaugonga kidogo, unaendelea. Hata mtu asiye fundi anaweza. Kinachojaza daftari ni siku zinazotangulia, na ndizo zilizonizeesha magoti, kwa hiyo nitaandika hizo. Habari za nani alipandishwa cheo lini hamtazikuta humu. Atelie yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, cha kukaa na ufunguo.

Niliingia kazini kwa sababu ya moto wa jikoni. Kila asubuhi mama yangu alinituma kwenye atelie ya Papa Selemani, hapa Kasongo, kuokota maranda ya kuwashia moto. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nasalimu, najaza kikapu, naondoka. Siku moja Papa Selemani na mafundi wake wawili walikuwa wamemaliza meza ndefu ya kulia, wanaizunguka kama watu wanaoangalia mtoto mchanga.

"Inainama," nikasema.

Papa Selemani akageuka. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye penseli sikioni. Hata msikitini alikwenda nayo.

"Nani amesema?"

"Miye."

"Inainama wapi?"

"Upande wa mlango. Kidogo tu."

Akaleta nivo yake, ile rula ya mbao yenye povu ndani ya kioo, akailaza juu ya meza. Povu likakataa kukaa katikati. Wale mafundi wawili wakaangalia juu, kana kwamba kosa lilikuwa darini. Papa Selemani akaniambia: "Mutoto, kesho kuja bila kikapu."

Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi ya ufundi, aliwaza sana, halafu akauliza: "Na moto tutawasha na nini?"

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa nyundo. Nilipewa mpira mrefu wa plastiki, ule unaoonyesha maji ndani. Mlioko kazini sasa mna kimashine cha taa nyekundu, lakini betri ikiisha mtaurudia mpira, kwa hiyo sikieni. Unaujaza maji, mtu mmoja anashika ncha moja kwenye pembe hii ya chumba, mwingine ncha ya pili kwenye pembe ile. Maji yakitulia, yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Unatia alama ukutani, na kutoka kwenye alama hiyo unashuka kupima sakafu. Papa Selemani alikuwa pembe yake, miye pembe yangu.

"Usipumue!" akapiga kelele.

"Papa, nikipumua maji itajua?"

"Maji haitajua. Mukono yako itajua."

Asubuhi ile nzima nilipumua kwa ruhusa.

Alikuwa pia na ndimu mfukoni. Akiingia kwenye nyumba ya mtu, kabla ya kusema lolote kuhusu sakafu, alivua viatu, akatembea mpaka katikati ya chumba, akaiweka ndimu chini na kuiachia. Ndimu inawaza kidogo, halafu inaanza safari. Mwenye nyumba anaifuata kwa macho mpaka inapotulia kwenye kona, anaiokota mwenyewe, anairudisha akiwa ameshaelewa. Papa Selemani hakupenda kumwambia mtu kwamba nyumba yake ni mbaya. Aliacha ndimu iseme.

Lakini kuna watu walioiogopa. Tulikwenda Nyangwe kusawazisha sakafu ya duka karibu na mto, na mwenye duka, mama mmoja mnene wa samaki wa kukausha, akasimama mlangoni na mikono kiunoni. Kwake haingii mtu na dawa, alisema. Papa Selemani akamweleza ni ndimu tu. Mama akasema hata dawa huwa ni kitu tu, mpaka siku yake. Basi Papa Selemani akaiuma mbele yake, ngozi na kila kitu. Uso wake ukajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. "Unaona?" akasema huku machozi yakimtoka. "Ndimu." Tukaruhusiwa kuingia, na ndimu ya kupimia hatukuwa nayo tena.

Papa Selemani alifariki kabla laminati haijafika Kasongo. Nadhani angeichukia wiki moja, kisha angeipenda, maana inamwadhibu kila anayefanya haraka. Laminati si mbao hasa. Ni unga wa mbao uliokandamizwa mpaka ukawa ubao mwembamba, na juu yake wamebandika picha ya mti mzuri. Sisi, ambao miti inatufikia mpaka mlango wa jikoni, tuliletewa picha ya mti kutoka mbali, na watu wakaja kuitazama na nguo za Jumapili.

Pakiti za kwanza ziliagizwa na Papa Gratien, mwenye duka la dawa, mtu mpole mwenye miwani. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha nyingi, hakuna hata moja niliyoijua, na picha za mzungu aliyepiga magoti akitabasamu. Tabasamu lile lilinipoteza. Nilipima vizuri, nikasawazisha vizuri, halafu nikatandika mbao zikabana ukuta pande zote nne, hata wembe usingepita. Niliona fahari. Papa Gratien alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mvua ya masika ilipoanza, alikuja atelie mwenyewe, akasimama huku anafuta miwani.

"Mama Zaina," akaniambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa kulikuwa na wateja. "Salo yangu iko na mimba."

Nilikwenda nikaiona. Katikati ya salo, sebule yake, sakafu ilikuwa imeinuka, mviringo, imejaa afya. Nilipanda juu yake, ikashuka, ikatokea karibu na kabati. Nilikwenda kwenye kabati, ikarudi katikati. Mke wa Papa Gratien alikuwa amekaa kwenye kiti akinitazama nikiwinda sakafu yake, na alicheka mpaka akaomba maji.

Nilibandua vibao vya ukingoni, nikakata mbao kuzunguka chumba chote kwa upana wa kidole. Nilipomaliza ukuta wa nne, sakafu ikashuka yenyewe, ikatoa sauti kama ng'ombe anayelala. Ndipo nikaelewa kwamba laminati inavuta unyevu wa hewa na kunenepa, na ikikosa pa kwenda kando, inakwenda juu. Nilirudi nikaangalia tena karatasi ya mzungu. Kwenye picha ya tatu, kati ya ubao na ukuta, alikuwa ametia kabari ndogo za mbao. Zilikuwapo tangu mwanzo. Nilikuwa nimeangalia meno yake.

Sasa nifike Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonipa hofu kuliko zote.

Papa Deo alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa upande wa Bukavu, mjane wa makamo, mnene, mwenye haraka. Alijenga nyumba ya matofali kwenye machimbo ambako wengi wanaishi chini ya turubai. Alikuwa anamchumbia Riziki, mshonaji wa nguo kutoka Kabambare, na ukoo wa Riziki ulikuwa umetangaza kwamba Jumamosi utakuja kumwona yeye na nyumba. Alitaka wakanyage laminati. Aliniita Jumatatu. Nilifika kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na kifurushi changu cha vyombo mgongoni. Papa Deo akatoka mbio, akanipita, akaenda kuangalia barabara nyuma yangu.

"Fundi iko wapi?"

"Njo miye. Fundi ni miye."

Akamwangalia dereva wa pikipiki, kama mtu anayeomba shahidi. Dereva akasema: "Njo yeye, shefu."

Pakiti zilikuwa kumi na nne, zimesimamishwa nje ukutani kama watu wanaongojea daktari. Mbili zilikuwa zimeanguka kwenye tope njiani na mbao zake zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Hizo niliziweka kando. Nyingine niliziingiza salo, nikazilaza juu ya vipande vya mbao, zikae siku mbili zizoee hewa ya chumba zitakamolala. Papa Deo akaniuliza kama zimechoka na safari. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikauliza sima, yaani saruji ya sakafu, ilimwagwa lini.

"Kitambo," akasema.

"Kitambo ni lini?"

"Wiki iliyopita."

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja. Juu ilikuwa kavu, nyeupe, inadanganya vizuri sana. Nikakata kipande cha plastiki, nikakibandika chini kwa utepe pande zote nne, nikamweleza: sima ikiwa na maji ndani, maji yatapanda na kukwama chini ya plastiki. Tutaona kesho.

Kesho yake plastiki haikuwepo. Bibi Nabintu, mama yake Papa Deo, alikuwa ameiona, akadhani ni uchafu wa mafundi, akaiosha na kwenda kuanikia muhogo. Nikabandika nyingine. Jumatano nikaikuta imekunjwa vizuri juu ya dirisha.

"Bibi," nikasema, "hii plastiki ni kazi. Isitoke."

"Kazi gani? Imelala tu."

"Kazi yake ni kulala."

Akafikiri. "Basi iko na bahati kushinda miye," akasema, na akaenda. Nikabandika ya tatu, nikamwomba ailinde. Hapo alibadilika kabisa. Alileta kiti chake, akakaa pembeni ya plastiki na fimbo, na hata mwanawe alipotaka kupita karibu alimwambia azunguke.

Ijumaa mchana tuliibandua, sisi watatu, vichwa vimekutana. Chini ya plastiki kulikuwa na matone mengi, mtu angeweza kunawa uso. Sima pale ilikuwa imegeuka nyeusi.

"Hiyo ni jasho ya plastiki," akasema Papa Deo.

"Plastiki haitoke jasho, Papa Deo."

"Mama Zaina, sikiliza. Wageni iko njiani. Tandika leo. Kesho waone. Kama itaharibika, itaharibika kisha ya ndoa."

Nitawaambia kweli: nilitaka kutandika. Nilikuwa mbali na kwangu, mwanamke peke yangu kwenye machimbo, na mtu mkubwa wa pale amesimama juu yangu na jasho halisi usoni. Nilijua pia jinsi habari zinavyotembea. Wenye pikipiki wangeifikisha Kasongo kabla yangu: yule mama fundi alishindwa, akaacha mtu na aibu mbele ya wakwe. Lakini niliona mbele ya macho yangu ile salo yenye mimba, na hii ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ungekuwa unyevu wa kutoka chini, na mbao zingeoza pamoja na jina langu.

"Sitatandika," nikasema.

"Nitaleta fundi mwingine."

"Leta."

Akaleta kweli, mwanaume mrefu aliyekuja na bisibisi moja. Nilipomuuliza kazi yake hasa ni nini, akajibu bila kuficha kwamba ni redio. Akainama, akagusa ile sima nyeusi kwa kidole, akakinusa, akasimama. "Shefu," akasema, "mama iko na haki." Akaondoka na bisibisi yake. Papa Deo alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na hakula.

Jumamosi wakwe walikuja, watu saba. Aliyeongoza alikuwa shangazi ya Riziki, Mama Mwajuma, mwanamke mkavu mwenye macho ya kuhesabu. Riziki mwenyewe alikuja nyuma, kimya, anaangalia kila kitu. Waliingia salo, wakakuta sima tupu na rundo la pakiti katikati. Bibi Nabintu alikuwa amelifunika kwa kitenge chake kizuri kuliko vyote, na juu yake akapanga sahani. Miye nilikuwa mlangoni na kifurushi changu tayari, natafuta kwa macho pikipiki iliyo karibu.

"Hii meza ni ya namna gani?" akauliza Mama Mwajuma.

Papa Deo akafungua mdomo. Nilijua uongo uliokuwa unakuja, nilikuwa nimesikia akiufanyia mazoezi nyuma ya nyumba: mbao za kisasa, za kulia chakula, zinatoka mbali. Halafu mabega yake yakashuka.

"Haiko meza," akasema. "Ni sakafu. Nilitaka muikute imetandikwa. Fundi amekataa. Anasema sima haijakauka, tungoje wiki nne."

"Fundi yuko wapi?"

Bibi Nabintu akanielekezea fimbo. Mama Mwajuma akanipima toka kichwa mpaka miguu.

"Na yeye amekubali kungoja?" akaniuliza, akimwonyesha Papa Deo kwa kidevu.

"Alikasirika," nikasema. "Lakini amengoja."

Akageukia watu wake. "Mwanaume anayengoja sima ikauke," akasema, "atangoja pia Riziki amalize kukasirika. Na munajua anachukua siku ngapi."

Wajomba wawili wakaitikia kwa pamoja kwamba wanajua. Riziki akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akafunika mdomo. Papa Deo alikaa chini juu ya sima ile ile yenye maji, na suruali yake ya kitambaa cha sherehe, na nilipoona hivyo sikumwambia kitu. Alistahili kupumzika.

Nilirudi baada ya wiki nne. Bibi Nabintu alinipokea na kipande cha plastiki alichokibandika mwenyewe siku mbili kabla, kikavu chini kama ubao wa shule. Nilitandika salo kwa siku moja na nusu. Ndoa ilikuwa imepita, watu wamecheza juu ya sima.

Baada ya pale nilifanya sakafu nyingi, na nyingi hazina la kusimulia, jambo ambalo ndilo unalolitaka kwa sakafu. Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu magoti yalianza kutoa sauti kushinda msumeno. Zaina, binti yangu, akanitumia zawadi ya kustaafu kutoka Bukavu: pakiti tisa za laminati, rangi ya asali. "Mama," akasema kwenye simu, "umetandikia watu wote, kwako munatembea juu ya nyufa."

Ni kweli. Nyumba yetu aliijenga mume wangu, Amisi, kwa mikono yake, kabla hatujaoana. Yeye si mwashi. Ni mwalimu, amefundisha hesabu maisha yake yote, lakini hakutaka kungoja waashi, kwa kuwa baba yangu alisema hatanitoa kwenda kwenye nyumba ya kupanga. Wakati ule nilikuwa tayari mwaka wa pili kwa Papa Selemani. Niliingia siku ya arusi nikiwa najua kupima kila kitu, na sikupima. Nimeingia na mita, utepe wa kupimia, kwenye nyumba za watu wa Kasongo mtaa kwa mtaa, lakini nikifika kwangu nilikuwa naitoa mfukoni na kuiweka juu ya kabati.

Wiki hii niliziba nyufa, nikafagia, nikalaza pakiti. Leo asubuhi ilibaki kazi moja kabla ya ubao wa kwanza: kupima upana wa chumba pande mbili, ujue mstari wa mwisho utabaki na kipande cha namna gani. Amisi alikuwa amekaa mlangoni na kitabu. Nilipima upande wa mlango: mita nne na sentimita kumi. Nilipima upande wa dirisha: mita tatu na tisini na tisa. Nikapima tena, nikidhani mita imejikunja. Haikuwa imejikunja.

"Iko sawa?" akauliza Amisi bila kuinua macho.

Katika kazi yangu sijawahi kumdanganya mwenye nyumba. "Iko sawa," nikasema.

Akageuza ukurasa. Akaurudisha.

"Mama Zaina. Miye nimefundisha hesabu. Ni ngapi?"

Nikaanza kukunja mita.

"Ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sentimita?"

"Sentimita."

Akafunga kitabu, akapumua kama mtu aliyepunguziwa kifungo. "Miaka hii yote nilidhani ni kumi na tano," akasema.

Akaja, akapiga magoti kando yangu, kwa shida, na akashika ncha ya pili ya mita. Tukachora ubao wa kwanza pamoja, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ufuate ukuta alioujenga jinsi ulivyo.